FAILI IKO WAPI? Kiungo ni Maelezo ya Njia, Si Mzigo

Vikundi vyetu vya kujisaidia vimeanza kuweka kumbukumbu kwenye kompyuta na simu: katiba, orodha ya wanachama, mihutasari ya mikutano, stakabadhi za benki. Vingine vinatumia programu ya mtandaoni, yaani daftari linalokaa kwenye intaneti ambalo kila mwanachama aweza kulifungua popote alipo. Ni jambo jema. Lakini lalamiko moja halikomi: "Katibu ametuma kiungo, tukibonyeza hakifunguki!" Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya mkopo inafika, hati haionekani, basi kikundi kizima kinakosa. Tujifunze pamoja sababu yake na dawa yake.

1. KIUNGO NI NINI?

Kiungo ni anwani tu, si faili yenyewe. Ni kama kumwelekeza mgeni njia. Maelezo hayabebi nyumba. Nyumba ikihamwa au mlango ukifungwa, maelezo yawe mazuri vipi, mgeni atabaki nje.

Tuchukue mfano wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Mtu aliyesimama mwanzo wa Ndia Kuu, ukimwambia "mlango wa tatu mkono wa kushoto", atafika. Mwambie maneno hayo hayo mtu aliye Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, naye atakuuliza, "Wa tatu kutoka wapi?" Na ndugu aliye Muscat atahitaji zaidi: nchi, mji, mtaa, ndipo nyumba.

Viungo navyo ni hivyo hivyo. Viko vya namna tatu:

(a) Anwani ya ndani ya kompyuta moja. Mfano: C:\Kikundi\katiba.pdf. Maana yake ni "ndani ya kompyuta hii hii, folda ya Kikundi". Humsaidia aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo tu.

(b) Kiungo kifupi. Mfano: nyaraka/katiba.pdf. Hiki huhesabu njia kuanzia ukurasa uliofunguliwa, kama yule wa "mlango wa tatu". Ni kizuri ndani ya programu yenu wenyewe, kwa sababu hata mkihamisha programu nzima na folda zake, njia ya ndani haibadiliki. Lakini usikitume kwa mtu wa nje.

(c) Kiungo kamili. Mfano: https://example.org/nyaraka/katiba.pdf. Hiki kinataja kila kitu, kuanzia jina la tovuti mpaka jina la faili. Hiki ndicho cha kumtumia mtu aliye mbali.

2. KWA NINI FAILI YA KATIBU HAIFUNGUKI KWA WENGINE?

Katibu akiandika C:\Kikundi\katiba.pdf ndani ya programu ya mtandaoni, yeye anaiona faili kwenye mashine yake, naye anadhani wote wanaiona. Sivyo. Kompyuta ya mweka hazina ikisoma C: inatafuta ndani ya tumbo lake yenyewe, na huko hakuna kitu. Simu nyingi hata hiyo C: hazina.

Tena kuna ulinzi. Vivinjari, zile programu za kufungulia tovuti, hukataa kwa makusudi kiungo kinachotoka kwenye tovuti na kuelekea faili za ndani ya kompyuta yako. Hiyo si hitilafu. Tovuti ingeruhusiwa kuingia ndani ya mashine yako ipendavyo, mwizi yeyote angetengeneza tovuti ya kuchungulia hati zako. Kwa hiyo tovuti hupata faili yako pale tu wewe mwenyewe unapobonyeza kitufe na kuichagua.

Jihadharini pia na neno localhost. Kama kuna kijana anayewatengenezea programu, naye akawatumia kiungo kinachoanza na neno hilo, mjue maana yake ni "hapa hapa nilipo". Kwake kitafunguka, kwenu hapana. Mwambieni aiweke programu kwenye seva kwanza, yaani kompyuta iliyowashwa wakati wote ili ihudumie wengine.

3. PAKIA KWANZA, NDIPO UTUME

Watu wa Kilindini wanajua kuwa mzigo ulioko ghalani hausafiri mpaka upakiwe melini. Faili nayo ni vivyo hivyo. Fuateni hatua hizi:

Kwanza, ipeni faili jina fupi lisilo na nafasi, kwa herufi ndogo. Seva nyingi huona Katiba.pdf na katiba.pdf kuwa vitu viwili.

Pili, ipakieni kwenye programu yenu ya mtandaoni.

Tatu, nakilini kiungo kamili ambacho programu inawapa.

Nne, kijaribuni kwenye simu ya mtu mwingine ambaye hakuingia kwa jina na nywila ya katibu. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayofichua matatizo.

Tano, mkishatuma kiungo, msibadilishe jina la faili wala kuihamisha. Mkihama nyumba, waambieni wageni.

4. FAILI YA MBALI NA KEBO YA BAHARINI

Faili ikiwa kwenye seva ya mbali, pengine ng'ambo ya bahari, njia yake ni ndefu. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kutoka nje. Mwaka huo kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na kebo ya SEACOM ikaanza kazi mwezi wa Julai. Nyingine zimefuata, na bahari yetu imekuwa mlango wa intaneti kwa majirani pia.

Lakini kebo hukatika. Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS, na mtandao ukazorota. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na Kenya ikaonja taabu hiyo tena.

Siku kama hiyo, kikundi chenye kiungo peke yake hakina kitu mkononi. Chenye nakala kwenye kompyuta ya ofisi au kwenye flashi kitaendelea na mkutano wake. Ndivyo ilivyo pia kwa faili za watu wengine. Mkiona fomu au sheria muhimu kwenye tovuti ya ofisi fulani, hifadhini kiungo, lakini pakueni nakala pia na muandike tarehe mliyoichukua. Ofisi hiyo yaweza kuihamisha bila kuwaambia.

5. MLANGO UWE WAZI KWA NANI?

Kuna programu zinazouliza kama faili ifunguliwe na watu mliowataja au na yeyote mwenye kiungo. Katiba haina siri, mwaweza kuifungua kwa wote. Lakini orodha yenye nambari za vitambulisho, simu na mikopo ya wanachama si ya kila mtu. Kiungo huruka kutoka simu hadi simu, na hamwezi kukirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inamtaka anayetunza habari za watu azilinde. Lakini hata bila sheria, mama aliyewapa kitambulisho chake amewaamini. Tusimvunje moyo.

KAZI YA KUFANYA

Katika mkutano ujao, chagueni hati tano ambazo kikundi hakiwezi kuishi bila hizo. Kwa kila moja jadilini:

– Faili yenyewe iko wapi, na nani mwingine anapajua?
– Kiungo chake kinafunguka kwenye simu ya asiye mwanachama wa kamati? Je, kinapaswa kufunguka?
– Mtandao ukikatika leo, nakala ya karibu iko kwa nani?
– Katibu akihama au akiugua, nani atafungua mlango?

Andikeni majibu kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae pamoja na daftari la kikundi.