Kiwambo cha Pili Mezani: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Tafsiri, Pamoja na Suala la Istilahi

Makala haya yanakusudia kumwelekeza mwanafunzi wa Kiswahili, hasa wa tafsiri na leksikografia, namna ya kuunganisha kiwambo cha nje na kipakatalishi anachofanyia kazi nyumbani. Aidha, yanagusia istilahi, kwa sababu maelekezo ya kiufundi huvurugika pale neno moja linapobebeshwa dhana mbili.

Haja yenyewe niliitambua kwa aibu. Vyuo vikuu vya Kenya vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, niliendelea na tasnifu yangu nyumbani, nikiwa na kipakatalishi cha inchi 14. Kazi ilikuwa kulinganisha matini chasili na matini lengwa. Nilisoma aya katika dirisha moja, nikalifunika, nikatafuta aya mwenza katika dirisha jingine. Katika sura ya nne nilidai kwamba mfasiri alidondosha aya nzima, nikajenga juu ya dai hilo kurasa mbili za nadharia. Msimamizi wangu aliirudisha sura hiyo na swali moja pambizoni: aya iliyo juu ya ukurasa unaofuata ni ipi? Mfasiri hakuwa amedondosha kitu. Aliihamisha aya, nami nikamsingizia kwa kuwa sikuwahi kuziona kurasa hizo mbili kwa pamoja.

Tuanze na majina. Neno 'kiwambo' linatokana na kitenzi 'wamba', yaani kuvuta ngozi na kuikaza, kama ifanywavyo juu ya mzinga wa ngoma. Wengi husema 'skrini', wala sioni kosa. Hapa nitatumia 'kiwambo' kwa kifaa kizima chenye mguu, waya na swichi, na 'skrini' kwa uso wake unaong'aa. Kuhusu 'kipakatalishi', jina lake limetokana na kupakata, lakini kikishaunganishwa na viwambo viwili hakipakatwi tena na mtu yeyote. Jina litabaki hivyo hivyo.

Kabla ya kununua chochote, chunguza matundu yaliyo ubavuni mwa kipakatalishi. Tundu la VGA, lililoanza na tarakilishi za IBM mwaka 1987, lina vishimo 15 katika safu tatu na hupitisha ishara za analojia. Lile la HDMI, ambalo vipimo vyake vilitolewa mwaka 2002, ni jembamba na lina pini 19. DisplayPort ya mwaka 2006 inafanana nalo, ila pembe yake moja imekatwa. USB-C, iliyotokea mwaka 2014, ni ndogo, ina umbo la yai, na plagi yake huingia upande wowote. Hii ya mwisho ndiyo inayowahadaa wengi. Si kila tundu la USB-C hupitisha picha. Mengine ni ya kuchajia na kuhamishia faili tu. Kitabu cha maelezo cha modeli yako ndicho kitakachokuhakikishia, kwa maana umbo la tundu halisemi kitu.

Mtego wa pili ni mwelekeo wa ishara, nao ulinigharimu fedha. Nilinunua mjini kiwambo cha mitumba cha inchi 24 kilichokuwa na matundu ya VGA na DisplayPort pekee. Kipakatalishi changu kilikuwa na HDMI. Muuzaji alinipa waya wenye ncha ya DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, akaniapia kwamba utafanya kazi. Ncha zote ziliingia barabara, lakini kiwambo kiliandika kwamba hakuna ishara. Waya wa kawaida wa aina hiyo hutoa picha katika DisplayPort ya tarakilishi na kuipeleka kwenye HDMI ya kiwambo. Kinyume chake haiwezekani. Nilichohitaji ni kigeuzi chenye saketi ndani yake, cha kutoka HDMI hadi VGA au hadi DisplayPort. Waya mtupu haugeuzi ishara ya dijitali kuwa ya analojia, hata ncha zake zikae vizuri namna gani.

Anayetaka viwambo viwili vya nje aulize pia uwezo wa kipakatalishi chenyewe. Vipakatalishi vya Apple vyenye chipu ya M1, vilivyotolewa mwaka 2020, vinakubali kiwambo kimoja tu cha nje kwa njia ya kawaida. Adapta za DisplayLink hukwepa kikwazo hicho kwa kupitisha picha katika USB ya kawaida kwa msaada wa programu. Huichosha tarakilishi kidogo, lakini kwa msomaji wa matini hilo si neno.

Sasa tufikie kiini cha somo. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, utapewa chaguo nne: skrini ya tarakilishi pekee, nakala ya picha ile ile katika skrini zote mbili, eneokazi moja lililoenea katika zote mbili, au skrini ya pili pekee. Chaguo la pili tunalijua kutokana na projekta za kumbi za mihadhara, na 'kurudufu' ni neno linalolifaa kabisa. La tatu ndilo tunalolitafuta nyumbani, na hapa istilahi hupwaya. Wapo wanaoliita 'kupanua', nami nimemwona mwenzangu akiambiwa apanue skrini, akaongeza ukubwa wa maandishi hadi sentensi moja ikajaza ukurasa. Hakukosea, neno ndilo lililompeleka huko. Napendekeza 'kutandaza': eneokazi linatandazwa kama mkeka unaotoka chumba kimoja na kuingia cha pili. Ukubwa wa maandishi tuuachie kitenzi 'kukuza'.

Ukishatandaza, fungua mipangilio ya skrini na uvivute visanduku vyenye namba hadi vifuate mpangilio wa meza yako. Ikiwa kiwambo kiko kushoto nawe umekiacha kulia katika mipangilio, kishale cha kipanya kitagota ukingoni kana kwamba kuna ukuta.

Mezani, ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooka. Dirisha la nyumba liwe ubavuni, lisiwe nyuma yako wala nyuma ya kiwambo. Kwa kazi yetu pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha: kurasa mbili hukaa sambamba na herufi zikasomeka. Kiwambo ambacho mguu wake unaruhusu kukisimamisha wima kinafaa zaidi kwa kurasa zilizopigwa picha.

Stima ikipotea, kipakatalishi kitaendelea kwa betri ilhali kiwambo kitazimika, na huenda madirisha yakabaki upande usioonekana. Rudi kwenye Windows na P, uchague skrini ya tarakilishi pekee, nayo yatarejea.

Mimi huweka matini chasili kushoto na lengwa kulia katika kiwambo kikubwa, na faharasa ya istilahi katika kipakatalishi, kilichoinuliwa juu ya kamusi mbili kuukuu. Kwa mpangilio huo niliisoma upya sura ya nne kuanzia mwanzo. Nilifuta zile kurasa mbili, na mahali pake nikaandika aya moja kuhusu uhamishaji.