Mwendo wa Nuru na Ndugu Zake

Katika miezi ya mvua, tangu Novemba hata Aprili, wingu jeusi hujitanda juu ya mlima Rungwe. Kwanza twaona umeme. Kisha, baada ya kitambo, twasikia ngurumo. Mbona haviji pamoja, hali vimetokea wakati mmoja?

Sababu ni hii. Ngurumo ni sauti, na sauti huchukuliwa na hewa. Mwendo wake ni kadiri ya meta 340 kwa sekunde moja. Yaani, kila kilometa huitumia karibu sekunde 3. Lakini nuru hukata karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka Iringa mpaka Mbeya, kwa mstari ulionyoka, ni kadiri ya kilometa 280. Sauti, kama ingeweza kufika mbali hivyo, ingetumia karibu dakika 14; nuru ingefika kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha.

Tena nuru haihitaji hewa ya kuichukua. Kati ya jua na dunia pana nafasi tupu ya kadiri ya kilometa milioni 150. Sauti haiwezi kuivuka kamwe. Nuru huivuka kwa dakika 8 na theluthi.

Nuru ni mawimbi, nayo ina ndugu zake tusioweza kuwaona kwa macho: mawimbi ya redio, miali ya joto, eksirei na miali ya gama. Wengi hudhani kwamba eksirei, kwa kuwa hupenya mwilini, huyashinda mawimbi ya redio kwa mbio. Sivyo. Mahali patupu pasipo hewa wote huenda mwendo mmoja, nao ni meta 299,792,458 kwa sekunde.

Mfikirini baba aendaye soko la Mwanjelwa pamoja na mwanawe mdogo. Hatua za baba ni ndefu na chache. Za mtoto ni fupi na nyingi. Hata hivyo hufika sokoni pamoja. Vivyo hivyo, wimbi la redio lina hatua ndefu, na eksirei ina hatua fupi mno, lakini hakuna amwachaye mwenzake nyuma. Wapitapo katika maji au kioo ndipo huachana kidogo. Ndiyo sababu matone ya mvua hutenga rangi za nuru, nasi tukaona upinde wa mvua.

Jambo hili mwaweza kulishuhudia. Mkiwa ndani ya nyumba, washeni redio ya betri kwenye mawimbi ya kati wakati mvua inapokaribia. Umeme umetapo, redio hukwaruza papo hapo. Ngurumo huja baadaye. Nuru na wimbi la redio vimefika pamoja, sauti imechelewa.

Tarehe 12 Desemba 1970 chombo kiitwacho Uhuru kilirushwa angani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Kilipewa jina hilo kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo mbali angani, ambazo huvuka nafasi tupu lakini huzuiwa na hewa yetu zisifike chini.

Elimu hii huokoa maisha. Uonapo umeme, hesabu sekunde hata usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3, utapata kilometa. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, radi yaweza kukupiga. Acha jembe, acha mpira, ingia katika nyumba imara. Usijikinge chini ya mti. Tena usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Nuru imekuletea habari mapema. Asiyeisikiliza ajilaumu mwenyewe.

Maswali

1. Mwanafunzi wa Tukuyu aliona umeme, akahesabu sekunde 12 kabla ya ngurumo. Umeme ulikuwa mbali kilometa ngapi? Je, yampasa afanye nini?
2. Kwa nini nuru ya jua hutufikia, na sauti haiwezi?
3. Eleza mfano wa baba na mwanawe kwa maneno yako mwenyewe.