Mikono Inayotetemeka
Somo: 1 Samweli 1:9–18

Jumapili tulimwona kuhani Eli akimtazama Hana akiomba. Midomo inacheza, sauti haisikiki, Eli akakata kauli: huyu mama amelewa. Hakuwa mtu mbaya. Aliona sawasawa, ila akaelewa vibaya.

Hapa Voi akina Eli tuko wengi. Mzee mmoja wetu aliacha kugawa Meza ya Bwana kwa sababu trei ilikuwa inagongana mikononi mwake. Wengine wakanong'ona ni pombe. Wengine wakasema ni pepo, likakemewa mara mbili mbele za watu. Mikono haikutulia. Akaanza kukaa kiti cha nyuma, halafu Jumapili zingine haji kabisa, mpaka binti yake alipompeleka kwa daktari.

Kuna kutetemeka ambako huja mtu anapotumia mikono: kushika kikombe cha chai, kuandika, kutia ufunguo kwenye kufuli. Mikono ikilala mapajani, mara nyingi inanyamaza. Ugonjwa wa Parkinson ni tofauti, wenyewe kwa kawaida hutetemesha mkono uliopumzika. Hali hii mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo ukiona babu, baba na shangazi wote wanatetemeka, usikimbilie laana ya ukoo. Uchovu, njaa, kahawa na miraa huizidisha. Macho ya watu pia! Pombe huituliza kwa muda mfupi, kisha inarudi kwa nguvu, na hapo wengine wamenaswa. Huenda yule unayemwita mlevi alianzia kwa mikono.

Dawa zipo. Propranolol, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya presha, na primidone, ambayo ni dawa ya kifafa. Haziondoi tatizo, hulipunguza, tena si kwa kila mtu. Mwenye pumu propranolol inaweza kumbana kifua, na aliyeizoea hapaswi kuiacha ghafla. Kwa hivyo usiazime vidonge vya jirani. Anza na zahanati iliyo karibu nawe. Ikihitajika watakutuma Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa mjini. Daktari atataka kujua pia kuhusu tezi ya shingo na dawa unazotumia, maana hata salbutamol ya pumu hutetemesha mikono.

Kuna anayeuliza, tukienda hospitali imani iko wapi? Soma Isaya 38. Hezekia aliomba, Mungu akamjibu, na bado nabii akaagiza jipu lake liwekwe tini.

Nyumbani, mpe kikombe kizito, ukijaze nusu, aegemeze viwiko mezani. Kwa wakala wa M-Pesa akikosea namba ya siri, usimharakishe wala usimnyang'anye simu.

Eli alipoelezwa alibadilisha neno lake papo hapo, akambariki Hana. Mzee wetu ameanza dawa. Mkono wa kulia umetulia kiasi, wa kushoto bado. Jumapili hii atagawa mkate. Mashemasi wanaoandaa vikombe, tafadhali msijaze hadi juu, maana Jumapili ijayo amesema atajaribu trei.