Gari Kuukuu Linapokataliwa kwa Sababu ya Moshi

Ndugu mkazi wa Kibaoni, gari linalokataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya moshi humletea mwenyewe hasara mbili: siku za kazi zinazopotea, na fedha za kununulia vipuri ambavyo huenda havikuhitajika kabisa. Hasara ya kwanza ni vigumu kuikwepa. Ya pili inaepukika, nayo ndiyo inayozungumzwa hapa.

Magari mengi madogo tunayoyatumia yalianza kazi Japani. Huko gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na hewa itokayo kwenye bomba la moshi hupimwa kwa kifaa. Likishafika kwetu, mara nyingi kipimo huwa ni jicho. Ni vyema basi mmiliki naye ajifunze kutazama.

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuunguza kilo 1 ya mafuta. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote na moshi hutoka mweusi. Hapa bondeni mtuhumiwa wa kwanza ni chujio la hewa, kwani vumbi la kiangazi na la pumba za mpunga huliziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kitabu hicho hakikuandikiwa barabara zetu. Litoe chujio ulielekeze kwenye jua. Usipouona mwanga, umeanza kupata jibu. Kwa gari la dizeli, chujio likiwa safi na moshi mweusi ukaendelea, nozeli zipelekwe kupimwa.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na wakati unapotoka ndio unaofichua chanzo. Ukitoka kwa muda mfupi asubuhi gari linapowashwa, kisha ukakoma, shuku sili za vali. Ukizidi gari linapovuta mzigo, shuku ringi za pistoni. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, mwombe fundi apime kompresheni. Katika injini ya petroli, akitia oili kidogo kupitia tundu la plagi na kipimo kikapanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, achunguze vali na gasketi. Gharama ya kipimo hicho haikaribii hata kidogo bei ya injini nyingine.

Moshi mweupe wa asubuhi unaotoweka injini ikipata joto ni mvuke tu. Ule mzito usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovuja, huashiria gasketi ya silinda hedi. Gari hilo lisisafiri mpaka litengenezwe.

Lipo pia gari lisilotoa moshi wa kuonekana na bado likashindwa mbele ya kifaa. Plagi chakavu huacha mafuta yapite bila kuungua, na sensa ya oksijeni iliyokufa huweza kuifanya injini inywe mafuta kupita kiasi. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi isifunikwe kwa gundi, bali gari lisomwe kwa kompyuta.

Kisafisha moshi kilichoko chini ya gari, ambacho mafundi hukiita masega kwa sababu ya matundu yake, kina madini ya thamani kama platinamu, na ndiyo maana wapo wanaoshauri kiondolewe “gari lipumue”. Ushauri huo una faida zaidi kwa mnunuzi wa masega kuliko kwako. Lakini hata kununua masega mapya kabla ya kutibu injini ni kutupa fedha, kwa kuwa mafuta yasiyoungua huyachemsha hadi yakayeyuka, na oili huyaziba. Isitoshe, hayafanyi kazi vizuri kabla ya kufikia takriban nyuzi joto 300, hivyo gari lisipelekwe kupimwa likiwa la baridi. Liendeshwe kwanza kama dakika 20.

Bomba la moshi lenyewe likaguliwe kwa urefu wake wote. Linapotoboka chini ya sakafu, gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huweza kuingia ndani kwa abiria. Kichwa kikiwauma watu kadhaa kwa pamoja ndani ya gari, au wakasikia kizunguzungu na kichefuchefu, simamisheni gari, zimeni injini, shukeni wote mpate hewa safi, kisha mwende kituo cha afya.