Upepo wa Saa Saba na Vumbi la Uwanja wa Shule

Miezi ya kiangazi hapa Dodoma watoto wetu wengi hurudi kutoka shuleni macho mekundu, wengine kifua kimebana. Ukiwauliza, husema ni upepo. Lakini asubuhi palikuwa shwari. Upepo huo umetoka wapi?

Sehemu yake hutengenezwa papo hapo uwanjani. Jua huwaka kote, lakini ardhi haipati joto sawasawa. Mchanga mkavu na mabati hupata moto upesi. Chini ya mwembe kuna kivuli, tena majani hutoa mvuke unaopoza hewa. Mtoto aliye pekupeku anaijua tofauti hiyo kwa nyayo zake! Hewa iliyo juu ya mchanga hupata moto, hutanuka, huwa nyepesi na kupanda. Hewa ya baridi kutoka kivulini huja kushika nafasi yake, na mwendo huo ndio upepo. Jikoni twauona kila siku: moshi wapanda, na hewa mpya yaingia motoni kwa chini.

Kisulisuli nacho huzaliwa hivyo. Hewa inayopanda kwa nguvu ikianza kuzunguka, huzoa vumbi, karatasi, hata kofia. Hupenda mahali tambarare pasipo na nyasi, mchana wa jua kali. Wapo wasemao ni shetani anapita. Si kweli, ni joto tu.

Mtoto mwenye pumu akae mbali na vumbi hilo, na dawa yake aende nayo shuleni. Aliyeingiwa na vumbi jichoni asilifikiche, aoshwe kwa maji safi; maumivu yakiendelea, apelekwe zahanati. Vikope ni jambo jingine: huletwa na vijidudu vinavyoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Basi tusilaumu upepo huku nyuso za watoto hazijanawishwa.

Shule nyingi hung'oa nyasi zote na kufagia mpaka udongo ubaki mtupu, na huo huitwa usafi. Hapo tunakosea, maana tunatengeneza kikaango. Nyasi zikatwe fupi kwa sababu ya nyoka, zising'olewe. Kamati za shule zipande miarobaini kuzunguka uwanja, hasa upande wa mashariki unakotoka upepo mwingi. Na kabla ya kufagia, udongo unyunyiziwe maji; yale yaliyokwisha kunawiwa mikono yanatosha.