Mzazi na Mwalimu Katika Kuifundisha Akili

Ndugu zetu Waislamu, tutazame waliyoyafanya watu wa Kisii na Nyamira. Wamisionari wa Kikatoliki walikita Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakawafuatia kule Nyanchwa. Baada ya 1963 wazazi wakatoa mali na nguvu zao kwa Harambee, zikajengwa skuli nyingi. Kanisa, mzazi na mwalimu walishirikiana. Je, sisi hatuna msikiti?

Walakini jengo peke yake si elimu. Mtaala ulioanzishwa Kenya mwaka 2017 wataka mtoto afundishwe kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, na mzazi awe mshirika wa mwalimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo imewapa wazazi wawakilishi katika halmashauri za skuli za serikali, huko Kisii kama huku Pwani. Lakini mtoto aulizaye "kwa nini?" darasani, akirudi nyumbani akaambiwa "nyamaza", alichojenga mwalimu mchana baba amekibomoa usiku.

Wala kuuliza si utovu wa adabu. Nabii Ibrahim (A.S.) aliwauliza watu wake juu ya masanamu yao, na maimamu wetu walihitilafiana kwa hoja hali wakiheshimiana. Kuhifadhi ni mlango. Kufahamu ndiko kuingia ndani.

Basi yatupasa mambo matatu: tuhudhurie mikutano ya skuli, walimu wa chuo wakutane na walimu wa skuli, na kila usiku tumuulize mtoto amefahamu nini, na dalili yake ni ipi.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.