SOMO: MWENYE HUZUNI ASIKAE PEKE YAKE

1. Huzuni si dhambi

Katika vijiji vya Kilembwe na pande zote za Fizi, ni nyumba chache zisizojua kilio. Watu walikimbia maasi ya mwaka 1964. Vita vya mwaka 1996 na 1998 viliwakimbiza tena, wengi wakavuka Ziwa Tanganyika hata kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Aliyepatwa na hayo pengine hakosi chakula, lakini usingizi humkimbia. Kishindo kidogo humshtua. Huwakaripia watoto bila kosa.

Wako wanaomwambia, "Mkristu wa kweli halii." Neno hilo silo fundisho la Kanisa. Yezu mwenyewe alilia kwa ajili ya rafiki yake Lazaro.

2. Yezu alitaka wenzake

Usiku wa kuamkia kifo chake, Yezu aliwachukua Petro, Yakobo na Yohane katika bustani ya Getsemani. Hakuwaficha huzuni ya moyo wake, akawaomba wakeshe pamoja naye. Kisha akaenda mbele kidogo, akaanguka kifudifudi, akamwomba Baba.

Alifanya mambo mawili: aliwafunulia wenzake huzuni yake, na alisali. Asaliye bila kumwambia mtu neno, na asemaye na watu bila kusali, wote wawili wameshika nusu tu. Tena wale watatu walilala usingizi, Baba hakulala. Kwa hiyo Mkristu huwategemea wenzake bila kuwafanya mungu wake, wala hawachukii wakishindwa.

3. Mashahidi wa Baraka na Fizi

Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka, waasi walimwua Bruda Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Alipoamriwa kupanda gari alikataa, akapiga magoti karibu na mwili wa ndugu yake, akauawa hapo. Siku ile ile, huko Fizi, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa. Wote wanne walitangazwa wenyeheri huko Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Padri Carrara hakuweza kumwokoa mwenzake, aliweza kutomwacha.

4. Kazi ya shirika

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakristu wa shirika, hata wakiwa watano au sita, hukutana kila juma, husoma Injili, husali, kisha humsikiliza aliyeelemewa. Washike haya:

Asiyetaka kusema asilazimishwe.
Yaliyosemwa yasitoke nje.
Anayelia asikatizwe kwa mahubiri.
Asipofika, mmoja aende kwake.
Akishindwa kula na kulala siku nyingi, au akitamani kufa, asiachwe peke yake. Asindikizwe kwa mganga wa zahanati. Dawa haipingani na sala.

5. Maswali

Je, kulia ni kukosa imani?
Hapana. Yezu alilia, naye hana dhambi.

Mkristu afanye nini akilemewa?
Amwombe Mungu, na amwambie mwenzake mwaminifu.

Mwenzake afanye nini?
Amsikilize, asali pamoja naye, asimwache.

Zoezi la juma hili: kila mkatekumeni amtembelee jirani mmoja aliyefiwa. Asiende na maneno mengi. Achukue kuni au maji, aketi naye, na kabla ya kuondoka wasali pamoja Baba Yetu.